Talaka imetoka, lakini wosia wako bado unamtaja

Hili swali naulizwa sana ofisini. Wakili, mimi na mke wangu tulishaachana, dikrii, ile amri ya korti ya kuvunja ndoa, ninayo mkononi, sasa ule wosia wa zamani si umekufa wenyewe? Haujafa. Kwa sheria ya Kenya uko hai kabisa, na hapa ndipo familia nyingi zinaumia.

Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 19 inasema ukioa au kuolewa, wosia ulioandika kabla ya hapo unafutika, labda uwe uliuandika ukitarajia ndoa hiyo na huyo mtu umemtaja. Kuhusu talaka sheria imenyamaza. Kwa hivyo kama uliandika kwamba ploti ya Kilifi aichukue fulani, halafu mkaachana na hujaoa tena, ukifa leo huyo mtalaka wako ataingia kortini na karatasi yenye sahihi yako, na kama ndiye ulimteua msimamizi wa wosia basi mamako na ndugu zako watalazimika kumfuata yeye kwa kila kitu. Uingereza wenzetu huko mtalaka anahesabiwa kana kwamba alikufa siku ile ndoa ilivunjwa, ndio maana wanaosoma mambo ya huko mtandaoni wanadhani na hapa ni hivyo.

Halafu tafadhali, usichukue kalamu ukakata jina. Naletewa wosia zimechorwa chorwa, jina la mke limepigwa mstari, juu yake limeandikwa la dada, sahihi hakuna, shahidi hakuna. Hayo mabadiliko hayana nguvu mpaka uyatie sahihi mbele ya mashahidi wawili kama vile unaandika wosia wenyewe. Mimi nasema andika mpya, na mstari wa kwanza useme unafuta wosia zote za nyuma. Na shahidi asiwe mtu unayemwachia kitu, wala mume au mke wake, maana ile zawadi itaanguka.

Usingoje dikrii ya mwisho pia. Kesi ikiwa bado kortini huyo ni mwenzi wako kisheria, lakini wosia unaweza kuubadilisha hata leo.

Sasa kuna mali ambayo wosia haigusi kabisa, na hii watu wanaisahau. Shamba mlilosajili kwa umiliki wa pamoja usio na mafungu (joint tenancy), mmoja akifa linabaki kwa mwenzake moja kwa moja, kwa hivyo hilo mligawane mkiwa hai. Pesheni inafuata jina lililo kwenye fomu uliyojaza ukiajiriwa, pengine miaka kumi na tano nyuma, na SACCO nayo ina fomu yake. Nenda ujaze upya.

Watoto nao hawaachiki kwa talaka. Ukiwaacha nje, korti chini ya kifungu cha 26 inaweza kuwatolea fungu kwenye mali yako.

Ndugu zangu Waislamu, nyinyi mnafuata sheria ya Kiislamu: wasia hauzidi thuluthi, na mke wa talaka rejea, yaani ile ambayo mume bado anaweza kumrudia, mume akifa yeye akiwa bado ndani ya eda, ule muda wa kungoja baada ya talaka, anarithi. Kwa hiyo hesabuni tarehe vizuri na muulize kadhi mapema.

Ukishamaliza mwambie msimamizi wako mpya wosia uko wapi, na nakala za ule wa zamani zichane zote.