Boycott: kitenzi kilichozaliwa kando ya ziwa

Nafundisha Kiingereza na kutafsiri hapa Mwanza. Kitenzi ambacho wanafunzi wangu hukichanganya mno ni "boycott": wengi hukipachika popote palipo na mgomo. Historia yake ndiyo dawa nzuri kuliko kamusi.

Neno hili ni jina la mtu. Kapteni Charles Boycott, Mwingereza, alisimamia ardhi ya Lord Erne huko Mayo, magharibi mwa Ireland, kando ya ziwa liitwalo Lough Mask. Mwaka 1880 wapangaji waliomba kodi ya mashamba ipunguzwe kwa asilimia 25, wakapewa asilimia 10 tu. Walioshindwa kulipa wakaanza kutolewa. Septemba mwaka huohuo Charles Stewart Parnell, kiongozi wa chama cha kutetea wakulima, alihutubia umati mjini Ennis kuhusu mtu anayechukua shamba la mwenzake aliyefukuzwa. Watu wakapaza sauti kwamba auawe. Akawaambia ipo njia bora zaidi: mtengeni barabarani, dukani, sokoni, hata kanisani.

Watu wa Mayo wakamfanyia hivyo Boycott. Vibarua wakatoka shambani, watumishi wakaacha jiko, wenye maduka wakakataa kumuuzia. Ikabidi waletwe watu wapatao 50 wa kujitolea kutoka Cavan na Monaghan ili wamvunie viazi, huku mamia ya askari wakiwalinda. Ulinzi huo ulikadiriwa kugharimu pauni 10,000, kwa mazao ya pauni 500 hivi! Mwaka haukuisha Boycott akaondoka Ireland.

Mwandishi wa habari wa Marekani, James Redpath, alieleza kwamba padri John O'Malley ndiye aliyependekeza jina hilo ligeuzwe kitenzi, maana neno la kisomi la kumtenga mtu lingewapa wakulima shida. Hapo ndipo ninapolipendea neno hili, kwa kuwa lilichaguliwa ili mtu wa kawaida aelewe. Upesi likavuka mipaka: Wafaransa wana "boycotter", Wajerumani "boykottieren", Wajapani "boikotto".

Sasa njoo Mwaloni, Kirumba. Wavuvi wa dagaa wakikataa kuingia ziwani mpaka tajiri mwenye mitumbwi awaongezee malipo, wamegoma, na Kiingereza chake ni "strike". Wachuuzi wakikubaliana kwamba leo hakuna atakayenunua hata ndoo moja kwa tajiri fulani kwa sababu anawapunja kwenye vipimo, hiyo ndiyo "boycott". Wa kwanza wamezuia kazi yao, wa pili wamezuia biashara yao. Na mitumbwi ikilala ufukweni kwa kuwa mwezi unang'aa na taa hazivuti dagaa, hapo hakuna mgomo wala nini.

Kwa Kiswahili nashikilia kususia. Kususa kwenyewe kunaweza kuwa kwa mtu mmoja, mtoto kasusa ugali kwa sababu kanyimwa kichwa cha sato. Ukisema kususia duka au kususia uchaguzi, tayari msikilizaji anaona watu wengi, makubaliano na madai. Januari 1958 mkutano wa TANU mjini Tabora ulibishana vikali juu ya jambo hilohilo: wasusie uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, au waingie? Nyerere alitaka waingie, na hoja yake ikashinda. Ukitafsiri habari hiyo kwa "strike", umeharibu kila kitu.

Katika sentensi, "boycott" hushika kinachosusiwa moja kwa moja, bila kihusishi katikati. Wanafunzi huongeza "to" au "from" kwa sababu wanasikia ile -i- ya kususia ikidai nafasi yake. Iacheni. Wakati uliopita ni "boycotted", kwa t mbili, na nomino haibadiliki umbo. Herufi ya kwanza huandikwa ndogo, isipokuwa unapomtaja Kapteni mwenyewe.