Dagaa, wali wa nazi na jedwali la virutubisho: maswali na majibu

Jedwali la virutubisho vya vyakula ni nini, na sisi wa Tanga tutumie la nchi gani?

Ni orodha ya taifa inayoonyesha gramu 100 za kila chakula zina maji, nishati, protini, mafuta, wanga, vitamini na madini kiasi gani. Marekani ilichapisha lake mwaka 1896 kutokana na kazi ya Wilbur Atwater, na siku hizi takwimu zao zimo mtandaoni kwa jina la FoodData Central. Wafaransa wana Ciqual, Kenya ilitoa lake 2018. La Tanzania lilitoka 2008, kazi ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe (TFNC) na Harvard.

Anza na la Tanzania, kwani ndilo lenye vyakula vyetu. Ila namba nyingi humo zimeazimwa kwenye majedwali ya nje, maana kupima kila chakula maabara ni ghali. Kuazima si dhambi. Shida huanza mtu anaposoma mstari usiolingana na kilicho kwenye mizani yake.

Mbona dagaa wana namba mbili tofauti kabisa?

Maji. Dagaa wabichi wana protini karibu gramu 20 kwa gramu 100, wakavu karibu 60. Ukipima gramu 50 za dagaa wakavu ulionunua Ngamiani, umepata protini gramu 30 hivi. Ukisoma mstari wa wabichi utaandika 10, na mtoto ataonekana hali kitu.

Namba ya chuma nayo itazame kwa jicho la pili. Maabara hupima chuma chote kilichomo kwenye sampuli, na dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga wenye chuma chake. Namba hupanda, lakini sehemu kubwa ya chuma hicho mwili hauinyonyi. Wa kwenye chanja ni afadhali kwa mlaji na kwa mpimaji.

Na samaki mzima, kama changu?

Gramu 100 za jedwali ni za sehemu inayoliwa tu. Toa magamba, matumbo, miba na kichwa, kilo moja ya changu hubaki karibu nusu. Hapa majedwali ya nje hutupunja kidogo: yanahesabu kichwa kuwa taka, wakati huku kichwa kina mwenyewe kabla chungu hakijaepuliwa. Njia ya uhakika ni kupima samaki kabla ya kuliwa, kisha kupima miba iliyobaki sahanini na kutoa.

Nitahesabuje wali wa nazi?

Usitafute mstari wa “wali wa nazi”. Wa jirani ana tui zito, wako jepesi. Hesabu sufuria yako. Pima kwanza sufuria tupu, uandike uzito wake. Tuseme umetumia mchele mkavu gramu 500: kwa kilokalori 360 na wanga gramu 80 katika kila gramu 100, ni kilokalori 1,800 na wanga gramu 400. Tui zito gramu 400, lenye kilokalori 230 na wanga gramu 5.5 kwa gramu 100, linaongeza kilokalori 920 na wanga gramu 22. Jumla 2,720 na 422. Maji na chumvi havina nishati.

Wali ukiiva, pima sufuria na wali, toa uzito wa sufuria. Ukipata gramu 1,500, kila gramu 100 ina kilokalori 181 na wanga gramu 28. Sahani ya gramu 300 basi ni kilokalori 544 na wanga gramu 84.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kupima wali ulioiva na kusoma mstari wa mchele mkavu: sahani hiyohiyo inageuka kilokalori 1,080. La pili ni kuhesabu nyama yote ya nazi iliyokunwa, ilhali sehemu ya mafuta imebaki kwenye machicha. Hesabu tui.

Nina kisukari. Nisome safu ipi ya wanga?

Soma maelezo ya mwanzo ya jedwali. Mengi hupata wanga kwa kutoa: 100 ukiondoa maji, protini, mafuta na majivu (madini yanayobaki chakula kikichomwa). Namba hiyo imebeba nyuzinyuzi, ambazo hazipandishi sukari. Ziondoe, hasa kwenye kunde. Majedwali ya Uingereza huondoa nyuzinyuzi, lakini huandika wanga kana kwamba umeshavunjwa kuwa sukari, hivyo gramu 100 za wanga husomeka 110. Usichanganye mifumo hiyo kwenye mlo mmoja, na usibadili dozi ya insulini kwa hesabu ya nyumbani kabla ya kuionyesha kliniki.

Mbona mchicha una vitamini A nusu kwenye jedwali jipya?

Mchicha ni uleule. Zamani mikrogramu 6 za beta-karotini zilihesabiwa kuwa 1 ya vitamini A. Kipimo kipya kinataka 12.

Alama ya kistari maana yake sifuri?

Hapana, maana yake hakijapimwa. Tafuta chakula hichohicho kwenye jedwali la Kenya, ulinganishe maji kwanza. Chako kikiwa na maji gramu 80 kwa gramu 100 na chao 75, kisicho maji ni 20 kwako na 25 kwao: zidisha namba yao kwa 20, ugawe kwa 25.