Jhumpa Lahiri hakuzaliwa India

Wengi humtaja Jhumpa Lahiri kama mwandishi aliyezaliwa India kisha akahamia Marekani. Sivyo. Alizaliwa London mwaka 1967, wazazi wake wakiwa Wabengali kutoka India, akakulia Rhode Island, Marekani, ambako baba yake alikuwa mkutubi wa chuo kikuu. Kolkata, mji wa India, aliijua kwa kwenda kuwasalimu jamaa. Hata Tuzo yake ya Pulitzer, tuzo ya uandishi ya Marekani, ya mwaka 2000 hudhaniwa ni ya riwaya. Aliipata kwa hadithi fupi, na riwaya yake ya kwanza ilifuata 2003.

Kubwa zaidi, nionavyo mimi, ni la 2012: alihamia Roma, akaanza kuandika kwa Kiitaliano, lugha aliyojifunza ukubwani. Riwaya aliyoitoa kwa lugha hiyo 2018 aliitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, ikatoka 2021.