Dawa jeneriki ni nini, na kwa nini dawa ya presha ilishuka bei?

Dawa jeneriki ni dawa yenye kiini kilekile, yaani kemikali inayotibu, na nguvu ileile kama ya kampuni iliyoigundua, ila imetengenezwa na kiwanda kingine baada ya hataza ya mgunduzi kuisha. Hataza ni haki ya kisheria ya kuitengeneza peke yako, na kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu ombi lilipopelekwa. Ikishaisha, viwanda vingine, vingi vyake vya India, huingia sokoni na kushindana, na hapo ndipo bei inaporomoka.

Amlodipini, kwa mfano, ni dawa ya presha ambayo kampuni ya Pfizer iliiuza kwa jina la Norvasc. Hataza yake Marekani ilikoma mwaka 2007. Hataza ya losatani, dawa nyingine ya presha, ikafuata mwaka 2010. Ndiyo maana leo dawa hizi si za wenye uwezo tu. Amlodipini ina faida nyingine: hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo humezwa mara moja kwa siku, wakati kaptoprili, dawa ya zamani zaidi, humezwa mara mbili au tatu. Kwa mtu anayekwenda shambani alfajiri, hilo si jambo dogo.

Wengi bado wanaamini kwamba ya bei ndogo haina nguvu. Si kweli. Ili isajiliwe, jeneriki hutakiwa kuonyesha kwamba inaingia kwenye damu sawasawa na ile ya mwanzo. Dawa bandia ni tatizo jingine kabisa. Ndiyo sababu ya kununua kwenye duka lenye kibali.

Hata hivyo, bei ndogo ya kidonge kimoja inadanganya, kwa sababu presha humezewa dawa kila siku, mara nyingi maisha yote. Huku kwetu Mtwara na Lindi fedha ya korosho huanza kuingia kuanzia Oktoba, minada ikifunguliwa. Ikifika Juni mfuko umekauka, na kidonge ndicho kinachokatwa kwanza kwa kuwa mtu hajisikii kuumwa. Presha hupanda kimyakimya, na kiharusi hakisubiri msimu.

Jambo linaloniumiza zaidi ni maboksi. Neno kubwa la mbele ni jina la kibiashara. Kiini kimeandikwa chini yake kwa herufi ndogo, tuseme "Amlodipine 5 mg". Bibi wa Newala anaweza kupewa boksi moja kliniki, kisha mjukuu akamnunulia jingine mjini, rangi tofauti, jina tofauti, kiini kilekile. Akimeza yote mawili amejizidishia dozi: miguu inavimba, kizunguzungu kinamwangusha.

Kwa hiyo linganisha herufi ndogo na namba ya miligramu kabla hajameza. Siku ya kliniki, mfungie vidonge vyote vilivyomo nyumbani, vya hospitali na vya dukani, akamwonyeshe muuguzi.