Je, Wajua? Kwa Nini Bunduki ya Upepo ya Kiingereza ya Zamani Huzikataa Risasi za Leo

Chukua bunduki ya upepo iliyotoka Birmingham miaka ya 1960, tuseme BSA Meteor, ile ya kukunja mtutu ili kuiweka tayari. Mtutu wake ni wa .22, yaani kipenyo chake kwa inchi. Nunua kopo jipya la risasi, nalo limeandikwa .22. Namba ni ile ile, lakini risasi inatumbukia mtutuni bila kushika popote. Ukifyatua unasikia mshindo mkavu wa chuma, na kwenye karatasi ya shabaha matundu yametapakaa huku na kule. Wengi hapo huilaumu springi, au husema bunduki imezeeka. Mara nyingi bunduki ni nzima kabisa, na kasoro iko kwenye kopo.

Chanzo ni hesabu ndogo ya vipimo. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo inchi 0.22 ni milimita 5.588. Waingereza walipima kwa inchi, na mitutu yao ya zamani ilikaribia kipimo hicho. Wajerumani walipima kwa milimita, na risasi yao ya ukubwa huo ni ya milimita 5.5. Bunduki za Kijerumani kama Weihrauch na Feinwerkbau zilipopata wapenzi wengi, kipimo cha 5.5 kilienea duniani, na viwanda vingi vya risasi leo hukifuata huku vikiandika .22 juu ya kopo. Tofauti ya vipimo hivyo viwili haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni karibu unene wa unywele mmoja, na unywele huo unatosha kuharibu kila kitu.

Ushahidi mzuri ni bunduki za .177. Piga hesabu: inchi 0.177 ni milimita 4.496, na Wajerumani wanatumia 4.5. Hapo mifumo miwili inakutana, ndiyo maana mwenye bunduki ya zamani ya .177 hapati taabu kubwa ya vipimo kama mwenzake wa .22. Nao mtutu wa .25 ni milimita 6.35. Kwenye baadhi ya bunduki za kale utakuta namba tu badala ya kipimo. BSA ilianza kutengeneza bunduki za upepo mwaka 1905 kwa kufuata ubunifu wa Lincoln Jeffries wa Birmingham, na mitutu yake ikaitwa Namba 1 (.177), Namba 2 (.22) na Namba 3 (.25).

Kwa nini unywele mmoja ulete balaa yote hiyo? Tazama risasi yenyewe. Ina kichwa mbele, kiuno chembamba katikati, na nyuma ina sketi iliyo wazi kwa ndani. Sketi hiyo ndiyo inayoziba mtutu. Ukifyatua, springi inaisukuma pistoni mbele kwa kasi, hewa inabanwa, na shinikizo lake linaitanua sketi mpaka ishike mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Hapo ndipo risasi inapata mzunguko unaoipeleka sawa.

Risasi ikiwa nyembamba, hewa inapenya pembeni kabla shinikizo halijapanda. Shabaha inapotea, lakini hasara kubwa zaidi iko ndani ya bunduki. Pistoni hutegemea hewa iliyobanwa imlainishie mwisho wa safari yake. Hewa ikishavuja, pistoni inafika mwisho na kugonga chuma kwa nguvu zote. Huo ndio mshindo mkavu niliousema. Bunduki iliyodumu miaka sitini au mia moja, yenye washa (kizibo) ya ngozi kwenye pistoni, haistahili kutendewa hivyo. Ukiusikia mshindo huo, acha kufyatua na ubadilishe risasi kwanza.

Ugumu wa madini nao una uzito wake. Bunduki hizi zilibuniwa kwa risasi za madini laini ya risasi (ledi), zenye sketi nyembamba, kwa sababu nguvu zake ni za wastani. Sheria ya England na Wales inaruhusu bunduki ya upepo isiyo na kibali kufika jouli 16 na kidogo, na nyingi za zamani haziufikii mpaka huo. Shinikizo la namna hiyo haliwezi kuitanua sketi nene au ngumu. Kwa hiyo risasi za aloi zisizo na madini ya risasi, hata zikiwa nzuri kwa bunduki mpya yenye nguvu, kwa mkongwe huyu naziona hazifai. Zile nzito sana pia ziache.

Bunduki za mtutu usiokunjwa zina jambo lao la ziada. BSA za kabla ya vita, Airsporter ya mwaka 1948, na Webley Mark 3 iliyoanza kutengenezwa 1947, zote hupakiwa kupitia koki ndogo nyuma ya mtutu. Ikishafunguka, unadondosha risasi kichwa kikitangulia, kisha inafungwa. Risasi inabaki ndani ya koki, na hewa ndiyo inayoirusha kuingia mtutuni. Hapa huwezi kuisukuma kwa kidole ili ikae vizuri. Lazima iwe fupi ya kutosha kuzama yote, maana ikichungulia nje koki itaikwangua sketi inapozunguka. Tena lazima sketi iwe pana na laini ili ikamate mtutu yenyewe ikifika. Risasi zenye sifa zote mbili kwa pamoja ni chache dukani.

Sasa uanzie wapi? Kwa bunduki ya kukunja mtutu, weka risasi kwa kidole: iingie kwa kusukumwa kidogo, isidondoke na isilazimishwe. Baada ya hapo jaribu aina tatu au nne kwenye karatasi, mita kumi kwanza, risasi tano kila aina, ukiegemeza mkono. Mimi ningeanza na RWS Hobby, nyepesi ya gramu 0.77 yenye sketi pana, kisha RWS Superdome ya gramu 0.94, laini na yenye sketi nyembamba. H&N nao huuza risasi ya Field Target Trophy kwa vipimo kadhaa vya kichwa, na kwa mtutu wa Kiingereza chagua kilicho juu ya 5.5. Wakusanyaji huyatafuta pia makopo ya zamani ya Eley Wasp, yaliyotengenezwa nyakati za bunduki hizi. Lakini kagua kabla ya kulipa: madini yaliyokaa vibaya huota unga mweupe, na hizo usizitie mtutuni. Na baada ya kushika risasi yoyote ya madini haya, nawa mikono kabla ya kula.

Wapo wanaotanua sketi kidogo kwa kuibonyeza na gololi ya chuma kabla ya kupakia. Inasaidia, ila sketi zote zitanuliwe sawasawa, vinginevyo kila risasi itakwenda njia yake.

Ukishaipata inayoelewana na mtutu wako, angalia namba ya toleo chini ya kopo au kwenye kibandiko, ununue makopo kadhaa ya namba hiyo hiyo. Mashine zinazofinyanga risasi huchakaa na kubadilishwa, na toleo lijalao la jina hilo hilo linaweza kuwa na kipenyo kingine.