Kuipiga picha Kigoma ya kipupwe kwa kamera ya filamu

Mtaa uliouzoea ni mgumu kuupiga picha kwa sababu jicho limeshaacha kuutazama. Kipupwe, Juni hadi Agosti, huubadilisha. Baridi haina mchango mkubwa, maana Kigoma haina baridi ya kusema. Kinachobadilika ni njia ya jua.

Tupo takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni jua la mchana hupita kaskazini, nyuzi 28 hivi kutoka utosini. Desemba hupita kusini, kama nyuzi 18. Kwa hiyo ukuta wa Ujiji unaotazama kusini, uliozoea kuchomwa jua Desemba, Julai hushinda kivulini. Zungukeni mtaa mara moja bila kamera, mwandike kila kibaraza kinatazama wapi. Kazi hiyo ina faida kuliko lenzi mpya.

Halafu saa. Kwa kuwa tuko magharibi kabisa ya nchi, jua hufika juu kabisa kama saa 7 na dakika 5 mchana. Asubuhi huchomoza saa 1 imeshapita, na vilima vilivyo mashariki mwa mji huuchelewesha zaidi mwanga ufukweni. Saa 2 ndipo Kibirizi, ufukwe wa wavuvi kaskazini mwa mji, huanza kupendeza.

Natumia filamu ya rangi ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga) na kuiweka kamera kwenye 200, ili filamu ipate mwanga maradufu. Negativu huvumilia mwanga uliozidi; ukipungua, vivuli hubaki tope na hakuna fundi wa kuvirudisha. Juani kukiwa na ukungu wa vumbi, anza na f/11 (upana wa tundu la lenzi; namba ndogo ni tundu kubwa) kwa kasi ya 1/250 ya sekunde. Kwa mtu aliyeketi kibarazani, f/4 kwa kasi hiyohiyo.

Dagaa walioanikwa hudanganya kipimamwanga: wanang'aa, kamera inadhani mwanga ni mwingi, na picha inatoka na weusi. Pima kiganja chako kikiwa kwenye mwanga uleule, kisha ongeza stopu moja, yaani mwanga maradufu. Angalieni pia mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi mpevu ukiwaka vichanja huwa vitupu. Na kabla ya kuinua kamera, wasalimuni wanaoanika na muombe ruhusa. Bandarini na stesheni, ruhusa ni ya lazima.

Milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, msiitegemee. Moshi wa mioto ya nyika huifuta, na kichujio cha rangi ya chungwa kwenye filamu nyeusi na nyeupe hakisaidii sana: hukata ukungu wa bluu, lakini chembe za moshi hutawanya rangi zote. Afadhali mitumbwi ya karibu, jua likiwa nyuma yake, kuelekea saa 1 jioni.

Adui mkubwa ni vumbi jekundu. Chembe moja ikinasa kwenye kitambaa cha mdomo wa kasha la filamu, huchora mstari mrefu ulionyooka filamu nzima. Badilisheni filamu ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na msafishe chumba cha kamera, pale filamu inapokaa, kwa pampu ya mpira. Pumzi ya mdomo huacha mate. Kurudisha filamu kwenye kasha kufanyike polepole, kwani hewa kavu huzalisha cheche za umeme tuli zinazoacha alama kama matawi ya radi.

Ukipeleka filamu kusafishwa kwa dawa, mwambie fundi aisafishe kama ISO 400 ya kawaida. Usitaje 200, asije akapunguza muda wa filamu kukaa kwenye dawa.