Kukosa helmeti hakufuti madai yako ya fidia

Wiki hii nimeyasikia tena yale maneno kwamba bodaboda asiye na helmeti wala leseni hana haki ya kudai fidia. Kijana amelazwa hospitali ya Bombo hapa Tanga, ana antena mguuni, vile vyuma vya nje vinavyoshika mfupa uliovunjika. Gari dogo lilichomoka barabara ya pembeni kule Nguvumali bila kusimama, likamkuta yeye yuko barabara kuu, upande wake, mwendo wa kawaida. Shemeji yake akanipigia mimi wakili kuuliza kama kuna haja ya kuhangaika na madai, "maana wametuambia hakuwa na helmeti wala leseni, kwa hiyo hana haki." Nikamuuliza nani kawaambia. Akasema mwenye gari.

Maneno haya nayasikia vijiweni Kange na Mabanda ya Papa, nayasikia wodini, na mara nyingine yanatoka kwa watu waliovaa sare, ambao walipaswa kujua zaidi. Yanaenea upesi kwa sababu yanamkuta bodaboda tayari ana aibu. Anajua alivunja sheria, na anadhani aliyevunja sheria hana uso wa kwenda mbele ya hakimu kudai kitu. Basi anapokea laki mbili za dawa, anasaini karatasi, anarudi kwa mama yake Muheza kuuguza mguu ambao hautamrudisha kazini.

Niseme wazi. Kuendesha pikipiki bila helmeti au bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Kosa hilo lina adhabu yake, na adhabu hiyo ni kati yako na Jamhuri. Madai ya fidia ni kati yako na aliyekugonga. Huko mahakama inauliza mambo mengine kabisa: nani alifanya uzembe, uzembe huo ndio ulioleta ajali, na wewe umepata madhara gani. Hakuna sheria ya nchi hii inayosema kwamba asiye na leseni anaweza kugongwa bure.

Tuanze na leseni, kwa kuwa hiyo ni nyepesi. Kukosa kwako leseni hakukumzuia yule dereva kusimama kwenye makutano. Wakili wa upande wa pili anaweza kuitumia kuonyesha kwamba hukuwa na ujuzi, lakini bado atalazimika kuonyesha ni kitu gani ulikifanya barabarani siku ile ambacho dereva mwenye ujuzi asingekifanya. Ulihama upande? Ulipita gari lingine kwenye kona? Ulikuwa mwendo mkali? Kama hakuna, leseni inabaki kuwa suala la trafiki na faini yake.

Kinachowachanganya watu ni bima. Wamesikia kwamba kampuni ya bima hailipi kama dereva hana leseni, wakaishika habari hiyo nusu nusu. Leseni ambayo kampuni inaiulizia ni ya dereva wa chombo ilichokikatia bima. Ukigongwa na gari, bima inayokuhusu ni ya gari lile. Wewe kwenye mkataba ule ni mtu wa tatu, hukuutia saini, na masharti ya leseni yaliyoandikwa mle yanamhusu anayeliendesha gari. Kwa hiyo mtu wa bima anapomuuliza majeruhi "leseni yako iko wapi?" kana kwamba ndiyo tiketi ya kulipwa, anauliza swali la mkataba wa mtu mwingine.

Na upande wa pili wa jambo hilohilo: ile bima ndogo uliyoikatia pikipiki yako haikulipi wewe dereva ukiumia. Imekatwa kwa ajili ya watu ambao wewe unaweza kuwaumiza. Nimekutana na madereva waliolipia kila mwaka wakiamini wamejikinga. Abiria wako ni habari nyingine. Chini ya Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, abiria anayebebwa kwa malipo anapaswa kuwamo ndani ya bima ya lazima. Lakini ukikata bima ya matumizi binafsi ili uokoe pesa kidogo, halafu ukapakia abiria wa nauli, kampuni itakuonyesha mkataba wako na itakataa. Matajiri wenye pikipiki, hili linawahusu ninyi kuliko vijana wenu. Mwenye chombo naye anashtakiwa pamoja na dereva.

Sasa helmeti.

Helmeti haizuii ajali. Gari lililochomoka bila kusimama lingechomoka tu hata kama ungevaa helmeti tatu. Kwa hiyo kwenye swali la nani alisababisha ajali, helmeti haina la kusema. Inaingia baadaye, kwenye swali la ukubwa wa madhara: je, majeraha haya yangepungua kama ungeivaa? Na hapo inaingia kwa majeraha ya kichwa na uso peke yake. Kijana wangu wa Nguvumali amevunjika mfupa wa paja na wa muundi. Kichwani ana mchubuko. Hebu anionyeshe mtu helmeti inayokinga paja.

Tuchukue basi aliyeumia kichwa kweli. Hata huyo madai yake hayafi. Sheria ya mabadiliko ya sheria kuhusu ajali zinazoleta vifo na mambo mengine, Sura ya 310, inasema kwamba mtu akipata madhara kwa kosa lake kwa sehemu na kosa la mwenzake kwa sehemu, madai yake hayatatupwa kwa sababu ya kosa lake; fidia itapunguzwa kwa kiasi ambacho mahakama itaona ni haki. Itapunguzwa. Tuseme hasara yote imethibitishwa kuwa shilingi 20,000,000, na mahakama ikaona kukosa helmeti kulichangia asilimia 15. Majeruhi anapata 17,000,000. Kati ya milioni kumi na saba na laki mbili za dawa kuna maisha ya mtu na ada za watoto wake.

Hiyo asilimia 15 sikuitoa hewani. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliitumia katika kesi ya O'Connell dhidi ya Jackson, iliyoripotiwa mwaka 1972. Mwendesha kipikipiki asiye na helmeti aligongwa na gari lililotoka barabara ya pembeni. Dereva wa gari ndiye aliyesababisha ajali, na majeruhi akakatwa asilimia 15 ya fidia kwa sababu kichwa chake kisingeumia kiasi kile kama angejikinga. Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu, ila tunazitumia kushawishi, na mahakimu wanazisikiliza. Kuna jambo moja pale ambalo mawakili wa bima hupenda kulipita haraka: anayedai kwamba majeruhi alichangia ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Alieleze kwenye utetezi wake wa maandishi, kisha alete ushahidi, na ushahidi wenyewe ni wa daktari. Kusema tu mahakamani "hakuvaa helmeti" na kukaa chini hakutoshi.

Vitabu vinaishia hapo, na mimi sitaki kuishia hapo, kwa sababu mteja akisoma vitabu atadhani kuna mizani. Haipo. Maneno "kiasi ambacho mahakama itaona ni haki" yana upana wa bahari. Mahakimu wawili wenye ushahidi uleule wanaweza kutofautiana sana, na wote wawili wakabaki ndani ya sheria. Daktari naye mara nyingi hawezi kusema kwa uhakika kwamba damu iliyovujia kwenye ubongo isingevuja kama kichwa kingekuwa ndani ya helmeti, hasa zile nyepesi zinazovaliwa bila kufungwa mkanda. Ndiyo maana simwahidi mteja asilimia. Namwahidi kwamba sitakubali asilimia hizo zinyofolewe kutoka kwenye fidia ya mguu wake kwa sababu ya kichwa chake.

Mshikaki ndio unaoninyima usingizi. Dereva amepakia wawili, gari linamgonga kwa nyuma akiwa amesimama. Nitasema kwa nguvu zangu zote kwamba abiria wa ziada hakuwa na uhusiano wowote na kugongwa kwa nyuma. Lakini gari likimgonga akiwa anakata kona na pikipiki imeelemewa, hoja ya upande wa pili inaanza kuwa na uzito, na mimi mwenyewe nikikaa kwenye kiti cha hakimu sijui ningekata wapi. Abiria naye ataulizwa kwa nini alipanda akiwa wa tatu.

Jambo jingine linalosemwa: "dereva ameshalipa faini, kesi imekwisha." Imekwisha ya jinai. Mahakama ya jinai ina uwezo wa kuamuru mshtakiwa amlipe fidia aliyeumizwa, ila usiupangie maisha uwezo huo. Thamani ya ile hukumu kwako ni nyingine. Kwa Sheria ya Ushahidi, mtu akishatiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hukumu ile ni ushahidi usiopingika kwamba alitenda kosa. Ukienda kudai fidia unaingia na nusu ya kazi imeshafanyika. Kwa hiyo usikae nyumbani wakati kesi yake inasikilizwa. Ijue namba ya kesi, na uombe nakala ya hukumu.

Makaratasi nayapitia haraka. PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, kabla ya matibabu au mara tu baada yake, ukianza na kuokoa uhai. Fomu za polisi ambazo bima itazidai ni PF90, PF93 na PF115, pamoja na ramani ya eneo la ajali. Fuatilia ramani ichorwe mapema, kabla alama za matairi hazijafutika. Piga picha namba ya gari na uihakiki stika yake ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Tunza kila risiti, kwa maana hasara ya fedha taslimu inatakiwa kutajwa moja moja na kuthibitishwa, na mahakama haikisii. Kipato cha bodaboda ndicho kigumu kuliko vyote. Miamala ya simu unayomtumia tajiri hesabu yake, daftari la kijiwe, mwenyekiti wa kituo kuja kutoa ushahidi: vyote vinasaidia. Anayesema "nilikuwa napata vizuri tu" anatoka mikono mitupu kwenye kipengele hicho.

Kampuni ya bima kwa kawaida haishtakiwi moja kwa moja. Unamshtaki dereva na mwenye gari, unaipa kampuni taarifa ya maandishi kwamba kesi inafunguliwa, na hukumu ikitoka Sura ya 169 inaibana ilipe. Ile taarifa usiiache mpaka hukumu. Kampuni ikinyimwa taarifa inapata mlango wa kutokea. Muda wa kufungua kesi ya uzembe ni miaka 3 tangu ajali. Gari likiwa la Serikali au la halmashauri, kuna notisi ya siku 90 kwanza, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Kama dereva wa pikipiki ameajiriwa kwa mkataba wa ajira na alikuwa kazini, aanze pia na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kijana wa kupeleka hesabu kwa tajiri kwa kawaida hatahesabiwa kuwa mwajiriwa. Na aliyefariki, haki yake haizikwi naye: mke, mume, watoto na wazazi waliomtegemea wanaweza kudai, ndugu wafungue mirathi mapema.

Usisaini karatasi ya "tumeyamaliza" ukiwa bado wodini. Mfupa unaoonekana umeunga mwezi wa pili unaweza kutaka upasuaji mwingine mwezi wa nane, na karatasi uliyosaini inasema umelipwa madai yote, ya sasa na ya baadaye. Kuvunja makubaliano ya namna hiyo mahakamani kunawezekana, lakini ni safari ndefu. Wale vishoka wanaozunguka wodini na fomu za kuweka saini ili "wakufuatilie bima" nao ni walewale. Wakili halali ana namba ya usajili, na jina lake linahakikiwa kwenye mfumo wa Mahakama. Asiye na pesa kabisa aanze kwa wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hawaruhusiwi kukusimamia mahakamani wala kukutoza, ila watakuelekeza na kukuandalia nyaraka. Kwa wanawake na familia, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wana ofisi hapa Tanga. Na kampuni ikikuzungusha kwenye madai yaliyo wazi, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo haihitaji wakili.

Yule shemeji nimempa maneno ya kumpelekea mwenye gari. Akirudia kwamba kijana hakuwa na helmeti, ajibiwe: sawa, tuandikie ni jeraha gani unalosema helmeti ingelizuia, daktari gani amesema hivyo, na unaomba fidia ipunguzwe asilimia ngapi. Vilevile atupe namba ya stika ya bima yake.